Mwacheni mwanafunzi wa uhandisi arudie kipimo cha mwenzake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme jambo moja kuhusu miradi ya utafiti ya wanafunzi wa mwaka wa nne wa uhandisi ujenzi. Karibu kila idara inamtaka mwanafunzi alete "jambo jipya". Sharti hilo ndilo linaloua utafiti wenyewe. Mwanafunzi angeruhusiwa kurudia kipimo cha aliyemtangulia, akakiendeleza kwa utaratibu ule ule, na akamwaga zege lake mwezi Juni akiwa bado mwaka wa tatu, vyuo vyetu vingepata matokeo ambayo mhandisi wa saiti anaweza kuyategemea. Gharama yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, na hesabu nitaitoa hapa hapa.

Nichukue mada moja inayojulikana katika idara zote: kupunguza saruji kwenye zege kwa kuweka majivu ya maganda ya mpunga. Ni mada nzuri na ni ya kwetu. Maganda ni takriban sehemu moja ya tano ya uzito wa mpunga, na yakiungua huacha majivu yapatayo sehemu moja ya tano ya uzito wake, kwa hiyo tani moja ya mpunga inakuachia kilo 40 hivi za majivu. Ukipita Mbarali au Kilombero utaona vilima vya pumba nje ya mashine za kukoboa, na wachoma matofali wanazitumia kama kuni. Sehemu kubwa ya majivu hayo ni silika, madini yale yale yaliyo kwenye mchanga. Saruji inapokutana na maji hutoa chokaa, na silika hiyo hushikana na chokaa na kuongeza gundi ndani ya zege.

Sasa weka mezani ripoti kadhaa za mada hii. Moja itapendekeza asilimia 10 ya majivu, nyingine 15, ya tatu itasema hata 5 ni hatari. Msomaji atadhani wanafunzi wamezembea. Mara nyingi hawakuzembea. Kila mmoja alipima kitu tofauti bila kujua, na hakuna aliyepewa muda wala ruhusa ya kurudi nyuma kuangalia.

Majivu yenyewe hayafanani. Maganda yakichomwa kati ya nyuzi 500 na 700 za Selsiasi, silika inabaki bila fuwele na ina nguvu ya kushikana na chokaa. Moto ukipanda kupita nyuzi 800 na kukaa hapo muda mrefu, silika hugeuka fuwele na kuwa karibu sawa na mchanga uliosagwa. Moto ukiwa hafifu, majivu yanabaki meusi kwa sababu ya kaboni, na kaboni inafyonza maji. Ndani ya tanuri moja la matofali unapata hali zote tatu kwa kusogea mita moja. Kwa hiyo ripoti inayoandika tu "majivu yalichukuliwa kwenye tanuri la matofali" haijasema kitu. Kipimo kinachohitajika ni rahisi: kausha majivu kwenye oveni kwa nyuzi 105, pima gramu chache, yachome kwenye tanuri la maabara kwa nyuzi 750 hadi uzito usipungue tena, kisha pima kilichopotea, ambacho hasa ni kaboni. Kiwango cha Marekani cha pozolana asilia (vitu kama majivu haya, vinavyoshikana na chokaa ya saruji), ASTM C618, hakiruhusu upotevu kuzidi asilimia 10, na kinataka jumla ya silika, alumina na oksidi ya chuma isipungue asilimia 70. Kinataka pia majivu yasagwe hadi kile kinachobaki juu ya chekeche la matundu ya mikroni 45 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), yakichekechwa kwa maji, kisizidi asilimia 34. Usagaji unachosha na unachukua siku nzima kwenye mashine ndogo, ndiyo maana wengi wanauruka.

Halafu kuna maji. Hapa ndipo miradi mingi inapopotea. Chukua zege lenye kilo 350 za saruji, lita 175 za maji na kilo 700 za mchanga kwa mita moja ya ujazo. Uwiano wa maji kwa saruji ni 0.50. Mchanga uliolala nje usiku wa mvua unaweza kubeba unyevu wa asilimia 5. Katika kilo 700 hizo, zaidi ya kilo 30 ni maji. Ukitoa kiasi kidogo kinachofyonzwa ndani ya chembe, bado unaongeza karibu lita 30 ambazo hukuziandika popote, na uwiano wako halisi umefika 0.58 au 0.59. Kosa hilo peke yake linaweza kushusha nguvu ya zege, ambayo hupimwa kwa megapaskali, kwa megapaskali 7 au zaidi. Tofauti anayoitafuta mwanafunzi kati ya asilimia 5 na 10 ya majivu huenda ni megapaskali 2 tu. Anatafuta sindano huku nyumba inatikisika. Dawa yake ni kukausha mchanga wote unaohitajika kabla ya siku ya kwanza, kuufunika kwa turubai, na kila asubuhi kuchukua sampuli ya gramu 500, kuikausha na kuandika unyevu wake kabla ya kukoroga. Kokoto nazo zipimwe hivyo hivyo.

Kosa lingine la maji huja kwa nia njema. Majivu laini yanafanya zege liwe gumu kumwagika, slampu (kipimo cha ulaini wa zege bichi) inashuka, basi mwanafunzi anaongeza maji kidogo ili slampu ilingane na ya zege lisilo na majivu. Nguvu ikipungua anayalaumu majivu. Slampu irekebishwe kwa kemikali ya kupunguza maji, kiasi chake kiandikwe kwa gramu, na maji yasiguswe.

La tatu ni ujazo, na hili hata wasimamizi hulisahau. Saruji ina uzito mahususi wa 3.15 hivi, yaani lita moja yake ina kilo 3.15. Majivu ya maganda yako karibu na 2.1. Ukitoa kilo 35 za saruji umetoa lita 11. Ukirudisha kilo 35 za majivu umeweka lita 16 na zaidi. Zege lako limeongezeka kwa lita 5 au 6 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo saruji iliyobaki imetawanywa kwenye zege jingi zaidi. Lazima upunguze mchanga kwa kilo 15 hivi ndipo ulinganishe vitu vinavyolingana.

Umri wa zege ndio unaonigusa zaidi. Silika ya majivu haifanyi kazi haraka. Inasubiri saruji itoe chokaa, ndipo ianze. Zege la namna hii likipasuliwa kwenye mashine ya kupima nguvu siku ya 7 linaweza kuonekana dhaifu, siku ya 28 likakaribia mwenzake, na siku ya 91 likampita. Mwanafunzi wa mwaka wa nne anapata idhini ya mada mwishoni mwa muhula wa kwanza, ananunua vifaa mwezi Machi, anamwaga Aprili, na ripoti inatakiwa Juni. Siku 91 hazimo katika hesabu hiyo hata kwa muujiza. Wengine wanaishia siku ya 7 na kukisia ya 28 kwa kanuni iliyotungwa kwa saruji isiyo na majivu. Hapo majivu yamehukumiwa kabla hayajaanza kazi.

Nasema hivi kwa sababu kalenda ya vyuo vyetu inatoa nafasi ambayo hatuitumii. Likizo ndefu inaanza Julai, wanafunzi wanakwenda kwenye mafunzo kwa vitendo, na maabara inabaki kimya hadi Oktoba au Novemba. Zege halihitaji mwanafunzi awepo. Linahitaji maji safi kwenye tangi na mtu wa kulitoa siku yake ikifika.

Hesabu ni hii. Tuseme viwango vitano vya majivu: 0, 5, 10, 15 na 20 kwa mia. Umri wa aina nne: siku 7, 28, 56 na 91. Kyubu tatu (vipande vya zege vyenye umbo la mchemraba) kwa kila umri. Kwa kiwango kimoja unahitaji kyubu 12. Kyubu ya milimita 150 ina ujazo wa lita 3.375, hivyo 12 ni lita 40 na nusu. Ongeza asilimia 15 ya kupotea, unapata lita 47, ambazo mikisa ndogo ya maabara inazikoroga mara moja. Jumatatu unamwaga kiwango cha kwanza, Jumanne asubuhi unafungua moldi (viunzi vya kumwagia kyubu), unazisafisha, unazipaka mafuta, na mchana unamwaga cha pili kwenye moldi zile zile. Ijumaa umemaliza vyote vitano kwa moldi 12 tu, na Jumamosi asubuhi unafungua za mwisho. Wiki inayofuata unarudia kazi yote upya kuanzia kupima mchanga, lakini kwa mpangilio wa kurudi nyuma: cha 20 kiwe Jumatatu na cha 0 kiwe Ijumaa. Ukiacha mpangilio ule ule, joto la siku na umri wa mfuko wa saruji uliofunguliwa vitajificha ndani ya matokeo ya majivu.

Jumla ni kyubu 120, yaani chini ya nusu mita ya ujazo. Saruji yote, hata kama hakuna majivu yaliyoipunguza, ni kilo 163. Mifuko minne ya kilo 50 inatosha na chenji inabaki. Tangi la mita 2 kwa 1 lenye kina cha nusu mita linazilaza zote kwa tabaka mbili, likiacha nafasi ya sentimita moja na nusu kati ya kyubu na kyubu. Fedha si kisingizio hapa.

Nimeandika siku 91 na si 90 kwa makusudi. Zege la Jumatatu likifika siku ya 90 ni Jumapili, na maabara imefungwa. Siku ya 91 ni Jumatatu tena, kama zilivyo siku za 7, 28 na 56. Kwa hiyo fundi sanifu wa maabara anapasua kyubu tatu kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, katika wiki zilizopangwa. Kwa kasi inayotakiwa na kiwango cha Ulaya, megapaskali 0.6 kwa sekunde, kyubu ya milimita 150 inaongezewa mzigo wa kilonewtoni 13.5 kila sekunde, na zege la megapaskali 30 linapasuka kwenye kilonewtoni 675, sekunde 50 tangu mzigo uanze. Ukijumlisha kufuta maji, kupima uzito na kuiweka sawa, kyubu tatu ni robo saa. Mafundi sanifu wetu wanaijua kazi hii kuliko wahadhiri wengi, na haki yao ni majina yao kuandikwa kwenye ripoti, kwa kuwa wao ndio waliofanya kipimo wanafunzi wakiwa mbali.

Mashine ya kupasulia ina mambo yake. Kyubu ilazwe upande, uso uliosawazishwa kwa mwiko usigusane na bamba la juu wala la chini, kwa sababu hauko tambarare na utaanza kupasukia pembeni. Vumbi na vipande vya kyubu iliyotangulia vifagiliwe kila mara. Anayetumia pampu ya mkono asiharakishe, kwani mzigo ukipanda kwa kasi kubwa namba inayosomeka inakuwa juu ya nguvu halisi. Kyubu nzuri hupasuka pande nne na kubaki kama piramidi mbili zilizogusana vichwa. Ikipasuka upande mmoja tu, andika hivyo, piga picha, na usilifiche tokeo hilo ndani ya wastani. Zaidi ya yote mashine ihakikiwe usahihi wake kila mwaka na cheti kibandikwe ukutani. Mashine inayozidisha kwa asilimia 8 haitaharibu ulinganisho wa ndani ya mradi mmoja, lakini itaharibu kabisa ulinganisho wa mwaka huu na mwaka jana, au wa Mbeya na Dar es Salaam.

Sasa nirudi kwenye kurudia. Kyubu zilizotoka kwenye zege moja hutofautiana. Mtawanyiko wa asilimia 5 ya wastani ni jambo la kawaida katika maabara ya chuo. Kwa mtawanyiko huo, ukilinganisha wastani wa kyubu tatu na wastani wa tatu nyingine, pengo lolote lililo chini ya asilimia 11 huna uhakika nalo. Kwa zege la megapaskali 30 hizo ni zaidi ya megapaskali 3, yaani ile tofauti nzima iliyoandikwa kwenye ripoti kama ugunduzi. Kyubu sita kwa sita zinashusha kikomo hicho hadi asilimia 6 au 7. Wanafunzi watatu wa miaka mitatu mfululizo, kila mmoja akiongeza sita zake kwa utaratibu ule ule, wanakifikisha karibu asilimia 3 na nusu. Hakuna mwanafunzi mmoja anayeweza kufika hapo peke yake, hata awe hodari kiasi gani. Kila mwaka tunavunja mnyororo huo kwa kumwambia anayefuata atafute kitu kingine, na matokeo yake mwaka huu ni majivu ya mpunga, mwakani majivu ya muwa, mwaka mwingine vifuu vya nazi, vyote vikiishia kwenye kyubu tatu tatu.

Ipo faida nyingine ya nje ya chuo. Wahandisi wetu wengi wamefundishwa kukadiria mchanganyiko wa zege kwa njia ya Waingereza iliyotolewa mwaka 1975 na kurekebishwa 1988. Inaanza na jedwali linalosema kuwa kwa uwiano wa maji wa 0.50, saruji ya daraja 42.5 (namba ya nguvu ya saruji) na kokoto zilizopondwa, zege lina megapaskali 36 siku ya 7, 49 siku ya 28 na 56 siku ya 91. Jedwali hilo ni la saruji tupu ya Kiingereza. Mfuko unaouzwa zaidi madukani kwetu ni wa 32.5, ambao ndani yake tayari mna mawe ya chokaa yaliyosagwa au pozolana, na mchanga wetu una vumbi lake. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973. Zimepita zaidi ya miaka 50, vyuo vimeongezeka, na kila mwaka mamia ya kyubu zinapasuliwa. Jedwali letu wenyewe, lenye saruji za madukani kwetu, kokoto za Lugoba na mchanga wa Mpiji, lingeweza kujengwa na wanafunzi bila mradi wa wafadhili, alimradi kila mmoja aandike vitu vile vile kwa namna ile ile.

Vitu hivyo havizidi ukurasa mmoja: aina ya saruji na tarehe ya kutengenezwa iliyo kwenye mfuko, mahali mchanga na kokoto zilipochimbwa, matokeo ya chekeche, unyevu wa kila asubuhi, maji yaliyotiwa, slampu, joto la maji ya tangi, uzito wa kila kyubu na kilonewtoni ilipopasukia. Joto la tangi lisiachwe. Viwango vya Ulaya vinataka nyuzi 20 na maji ya Dar es Salaam yanaweza kukaa karibu na 28, hali inayoharakisha nguvu ya siku za mwanzo na kupunguza ya baadaye. Uandikwe mzigo wa kila kyubu, wastani peke yake hautoshi. Wastani ukishaandikwa na namba zake kutupwa, hakuna mtu atakayeweza kuuchambua tena. Daftari liwe la kurasa zenye namba, kwa kalamu ya wino, kosa likatwe kwa mstari mmoja ili lisomeke. Kisha namba hizo ziingizwe kwenye jedwali la kompyuta la idara, ambalo mwanafunzi wa mwakani atalifungua kabla ya kuandika pendekezo lake.

Kwa upande wa alama, ninawaomba wakuu wa idara waandike wazi kwenye mwongozo wa miradi kwamba kurudia kipimo kilichokwisha fanyika ni mada halali na inaweza kupata alama ya juu kabisa. Mwanafunzi atahiniwe kwa usahihi wa kipimo, kwa namna alivyoeleza kwa nini namba zake zinalingana au hazilingani na za mwenzake, na kwa kitu kimoja alichoongeza, kwa mfano kiwango cha asilimia 12.5 au umri wa siku 182. Anayepata tokeo linalopingana na la mwaka jana asiambiwe amekosea hadi cheti cha mashine na unyevu wa mchanga viangaliwe kwa wote wawili.

Kwa idara itakayotaka kuanza Juni ijayo, maandalizi yaanze Aprili: mashine ihakikiwe, moldi 12 zikaguliwe pembe zake, tangi likwanguliwe chokaa iliyoganda na kujazwa maji mapya. Majivu yasagwe yote kwa pamoja kilo 50 na kuchanganywa vizuri. Kwa kyubu 120 zinahitajika kilo 16 hivi, kwa hiyo yatakayobaki yanawatosha wanafunzi wawili wanaofuata. Yafungwe kwenye ndoo zenye mfuniko usiopitisha hewa, na karatasi ya nje ionyeshe yalichomwa wapi, kwa nyuzi ngapi na lini.

Mhandisi wa majengo,
Morogoro